Kuongoza Msafara kwa Taa Kumi

Jumamosi, 11 Januari

Mkutano wa klabu ya magari ya milimani. Nimeondoka nyumbani nikiwa mtu wa nyuma, nimerudi nikiwa mtu wa mbele. Sijui ilitokeaje.

Chanzo ni Bergsveinn. Jirani yangu wa mkono wa kushoto, mpiga kinanda kanisani, mtu mpole kupita kiasi, na upole huo ndio unaonikera. Kabla ya mkutano alituita nje kwenye maegesho, akabonyeza kitufe, taa nane zikawaka juu ya bampa lake. Mlima wa ng'ambo ya ghuba ukaonekana mpaka nyufa zake. Watu wakapiga makofi. Mimi nikapiga mawili tu, tena na glavu mkononi.

Ndani, mwenyekiti wetu Jórunn akachukua nafasi. Mama wa miaka sabini na kitu, daktari wa mifugo mstaafu, na bado anatutazama kama ng'ombe wanaoharisha. Akasema safari ya Thorri, ule mwezi wa kale wa katikati ya baridi, ni tarehe ishirini na tano, tunakwenda kwenye kibanda chetu kule juu uwandani. Tutaondoka giza na kurudi giza, kwa hiyo gari la mbele liwe na taa za uhakika. Wote wakamgeukia Bergsveinn.

Nimesafiri na klabu hii miaka mingi, siku zote nikiwa gari la nne. Gari la nne hula moshi wa matatu ya mbele. Hukuta kila mto umeshavurugwa. Hufika kibandani kahawa imebaki machicha. Basi nikasikia sauti ikisema kwamba taa zangu zimeshanunuliwa, kumi, pamoja na swichi, bado kufungwa tu. Sauti ilikuwa yangu.

Jórunn akauliza nani ananifungia. Nikasema mimi mwenyewe. Bergsveinn akasema kwamba kama Ingimar anataka kuongoza, yeye hana neno, atafuata nyuma kwa furaha. Mtu anayekuachia kitu kirahisi hivyo ana lake jambo.

Nimeagiza taa sasa hivi. Zinatoka Reykjavik. Zinaweza kuwahi.

Jumanne, 14 Januari

Mzigo umefika. Taa kumi, swichi sita, fyuzi za kila rangi, na viboksi vitatu vidogo vyeusi visivyojieleza. Karatasi ya maelekezo ipo, ila kwa lugha nisiyoijua, herufi kama buibui waliokanyagwa. Picha zinaeleweka. Picha ya kwanza inaonyesha gari. Gari ninalo.

Waya nimenunua mwenyewe, roli zima, wa kijivu. Mimi nauza rangi za nyumba. Siwezi kufungua boneti nikaona nyekundu, njano na zambarau zimelala pamoja kama kapu la soksi. Gari la kijivu, nyaya za kijivu. Svanhildur, mke wangu, akauliza nitajuaje upi unakwenda wapi. Nikamwambia mtu huzijua nyaya zake kama mfugaji anavyojua kondoo wake. Akasema kondoo hukatwa alama masikioni.

Nimeshinda gereji, kichwa chini ya dashibodi, miguu nje mlangoni. Pale chini kumbe kuna nyaya nyingine nyingi za kiwandani. Nimejaribu kutozisumbua. Baadhi zilikuwa njiani, nikaziunganisha na zangu.

Viboksi vitatu vyeusi vimebaki. Pichani vinaonekana vimekaa kati ya betri na taa. Waya unaingia, waya unatoka. Sasa uingie na kutoka wa nini, wakati unaweza kupita moja kwa moja? Wenye viwanda hupenda kujaza sanduku. Nimeviweka kwenye droo ya vijiko.

Jumatano, 15 Januari

Jaribio la kwanza. Matokeo ni mazuri lakini hayana mpangilio.

Swichi ya kwanza: wipa zinapiga. Swichi ya pili: kiti cha abiria kinapata moto. Swichi ya tatu: kimya kabisa, nikaibonyeza mara kadhaa kwa hasira, kumbe taa ya nyuma ilikuwa inawaka na kuzima na kuwaka, na gereji ilikuwa wazi, na dirisha la jikoni kwa Bergsveinn linatazama hapo hapo. Taa za kushoto nilizitafuta kwa muda mrefu. Zimeonekana kwenye honi. Ukipiga honi, zinawaka.

Bergsveinn akaja na kikombe cha kahawa mkononi, macho ameyakunja. Akauliza kama kila kitu kiko sawa. Nikasema kiko kama nilivyopanga. Akauliza kuhusu honi. Nikamweleza kwamba kondoo akiwa barabarani, asikie na aone kwa wakati mmoja. Akafikiri. Akasema hajawahi kuona mtu akifanya hivyo. Nikasema ndiyo.

Halafu akaniuliza nimeweka rilei ngapi. Nikasema tatu. Alipoondoka nikamuuliza Svanhildur rilei ni nini. Akanionyesha kwenye simu yake. Ni kile kiboksi cheusi: umeme mkubwa wa taa hupita humo, usipite kwenye swichi ukaichoma. Basi sikudanganya. Zipo tatu. Ziko ndani ya nyumba.

Kuzifunga sasa ni kufungua kila kitu upya. Haiwezekani. Nimekwishafunga tepu.

Jumamosi, 18 Januari

Siku ya upelelezi. Macho bado hayajatulia, naandika nikikisia mistari.

Mpango ulikuwa safi. Jumamosi Bergsveinn huenda bwawa la kuogelea na kukaa kwenye beseni la maji moto la nje mpaka vidole vinyauke. Mimi nikakaa naye, maji shingoni, barafu kwenye nyusi, tukazungumza habari za kwaya. Alipofumba macho nikatoka polepole, nikavaa, nikaenda maegeshoni. Gari lake halifungwi, kama magari ya watu wote hapa Akureyri. Nikafungua boneti, nikatoa simu, nikaanza kupiga picha za nyaya zake. Giza lilikuwa zito ingawa ilikuwa saa ya kifungua kinywa.

Nikasikia mlio mdogo. Kisha dunia ikawa nyeupe.

Kumbe taa zake anaziwasha hata kwa kidude cha mfukoni. Alikuwa amesimama mlangoni pa bwawa, taulo shingoni. Akaja akanishika mkono maana nilikuwa naelekea kwenye ukuta. Akasema, "Nilidhani huoni vizuri, jirani. Nikaona nikuwashie."

Nikamwambia nilidhani ni gari langu. Gari lake ni jekundu. Akasema haya mambo hutokea, kisha, badala ya kunichongea kwa watu, akaanza kunieleza mfumo wake wote: fyuzi iko wapi na kwa nini, waya unene gani, rilei inakaaje, swichi inapeleka umeme mdogo tu wa kuamrisha. Alieleza vizuri sana, nadhani. Mimi sikuwa naona kitu, na nywele zangu zilikuwa zimeganda zikigongana kila nikitikisa kichwa, kwa hiyo nilisikia zaidi nywele.

Picha zote ni nyeupe. Moja ina pua yangu.

Jumatano, 22 Januari

Fyuzi zinakufa ovyo. Nawasha taa zote kumi, dakika haiishi, fyuzi imekatika. Nimeweka nyingine, imekatika. Nimetafakari. Fyuzi ndogo ni kama mfanyakazi mvivu, kila kazi ikizidi analala. Nimeweka kubwa kuliko zote zilizokuwa sandukuni. Sasa hakuna kinachokatika. Swichi inapata joto kidogo, joto la kawaida, kama mkono wa mtoto mwenye homa.

Nafasi ya nyaya imekwisha, hivyo kifaa cha ramani nimekiunganisha palepale kwenye taa za mbele. Vyote viwili ni vya kuonyesha njia. Ni haki vikae pamoja.

Svanhildur anafanya kazi duka la dawa, ana mashine ya kuchapa lebo. Amenichapia lebo sita nzuri: MBELE, NYUMA, KUSHOTO, KULIA, KITI, RAMANI. Alizibandika jana nikiwa kazini. Mimi usiku wake nikazihamisha swichi kwa nyuma ili nyaya zifike. Leo MBELE ni kiti. KITI ni wipa. KULIA ni taa zote za mbele. NYUMA si kitu, kwa sababu taa ya nyuma sasa haizimiki kabisa injini ikiwa inanguruma. Nimeamua iwe hivyo. Wanaonifuata wanione.

Svanhildur akauliza kwa nini tusihamishe lebo tu. Nikamwambia gundi ni kali, na kwamba dereva hatazami lebo, dereva anajua. Kisha nimekaa garini jioni nzima nikijisomea: mbele ni kiti, kiti ni wipa, kulia ni mbele. Nilipoingia ndani nikaenda moja kwa moja stoo nikidhani ni chooni.

Ijumaa, 24 Januari

Siku ya Waume, kuingia kwa mwezi wa Thorri. Svanhildur ameniletea kahawa kitandani, mkate mwembamba wenye nyama ya kondoo ya moshi, na maua. Nikasubiri soksi, maana zawadi huwa soksi.

Haikuwa soksi. Akakaa ukingoni mwa kitanda akasema kesho anakuja nami.

Miaka yote tangu tuoane Svanhildur hajawahi kupanda mlimani na mimi. Yeye husema anayetaka kukaa kutwa kwenye friji anaweza kukaa kwenye la nyumbani, tena lina chakula. Mimi nimezoea kuondoka peke yangu na kurudi peke yangu na kusimulia peke yangu. Nikamuuliza kwa nini safari hii. Akasema ameniona siku zote hizi nimelala chini ya ile dashibodi kama mtu anayetafuta pete, na amejiuliza kuna nini huko juu ambacho mtu anakihangaikia hivi. "Nataka nikione nami, mpenzi."

Nikala mkate haraka.

Akaniuliza jambo moja tu. Gari ni salama? Nikasema ni salama kuliko nyumba hii.

Baada ya hapo nimeshinda gereji. Kuna harufu, si mbaya, kama redio ya zamani. Nimepulizia manukato ya msonobari. Sasa ni harufu ya msonobari unaoungua.

Jumapili, 26 Januari

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa na daktari wa mifugo.

Tuliondoka jana asubuhi, giza totoro. Mimi mbele, Jórunn wa pili, Bergsveinn wa tatu, na wa nne Arnkell, daktari wa meno, aliyebeba chakula chote cha sherehe. Barabara ilipokwisha tukapunguza upepo wa matairi yasizame, kisha nikabonyeza KULIA. Taa kumi. Theluji ikawaka mpaka mwisho wa macho. Svanhildur akanishika goti. Kwenye redio Jórunn akasema, "Haya, si mbaya." Kutoka kwake hiyo ni hotuba. Kama maisha yangu yangekomea hapo ningekuwa nimefaulu.

Kisha upepo ukainuka, ukaanza kufagia theluji chini chini. Taa kumi zikaipiga theluji inayoruka ikarudi machoni mwetu. Mbele yangu ukuta mweupe. Jórunn akaniambia kwenye redio nizime zile kubwa, nibaki na za kawaida. Nikajibu kwamba najua. Nilijua. Nilisahau wapi.

Nikabonyeza MBELE. Baada ya kitambo Svanhildur akasema, "Ingimar, kiti kinaniunguza." Nikabonyeza KITI ili nizime kiti. Wipa zikaja juu. Nikapiga honi bila kukusudia, taa za kushoto zikatoka nje kutafuta kondoo. Mwisho nikaipata KULIA, zote za mbele zikazima, na kifaa cha ramani kikazima nazo. Nikabonyeza tena. Kimya. Swichi ilikuwa laini, kama siagi iliyoachwa juani.

Svanhildur akauliza ramani imekwenda wapi. Nikasema imepumzika.

Ningesema ukweli kwenye redio pale pale. Lakini magari matatu yalikuwa nyuma yangu, yote yakifuata taa yangu ya nyuma isiyozimika, na mke wangu kando yangu kwa mara ya kwanza. Nikatangaza kwa sauti tulivu kwamba nazunguka kwa upana kidogo kukwepa theluji laini. Jórunn akasema sawa. Tukaenda. Nilishikilia usukani sawasawa kabisa. Mpaka leo nasisitiza ulikuwa sawasawa.

Baada ya muda nikaona alama za matairi mbele yetu. Moyo ukatulia. Kuna waliopita, njia ipo. Nikazifuata. Mara taa mbili nyekundu kwenye vumbi la theluji, mbele kidogo. Gari. Damu ikanipanda. Nikashika redio nikauliza nani kati yao amenipita, maana msafara una utaratibu.

Jórunn akasema yuko nyuma yangu, anaiona taa yangu mpaka macho yanamuuma. Bergsveinn akasema yuko nyuma ya Jórunn. Arnkell akasema yeye ni wa mwisho kama alivyopangwa, ila kuna mgeni amekuja nyuma yake, taa zake hafifu, anamsogelea mno.

Nikamwambia Arnkell awe mwangalifu, kuna watu hawana adabu milimani. Nami nikamweleza kwamba mbele yangu pia kuna mgeni, anakwenda polepole kama bibi harusi. Arnkell akasema atampisha wa kwake. Nikaona mgeni wangu akivuta kando kunipisha. Nikasema afadhali, wa kwangu ana busara. Arnkell akasema wa kwake amesimama tu, hapiti.

Svanhildur akasema kwa sauti ndogo, "Ingimar. Hebu zima taa, uwashe."

Nikazima, nikawasha.

Redioni Arnkell akasema, "Ananikonyeza huyu."

Kisha sauti ya Jórunn: "Simameni wote. Tumekuwa duara, kama mbwa anayefukuza mkia wake." Baadaye nilimuuliza kwa nini hakunisahihisha, yeye ramani yake ilikuwa inafanya kazi. Alisema aliona tunapinda, akadhani najua jambo. Ni mara ya kwanza mtu kunidhania hivyo, na ikawa siku hiyo.

Hapo ndipo moshi ulipotoka. Kwanza uzi mwembamba juu ya zile lebo, kisha mwingi, wa kunuka plastiki. Nikaishika swichi ili niing'oe, ikanishika yenyewe, plastiki moto kiganjani. Svanhildur alifungua mlango wake, akanivuta kwa kola nikapita juu ya kiti chake kama gunia la viazi, tukaanguka kwenye theluji. Bergsveinn alikuwa tayari anakimbia na spana. Akafungua boneti, akalegeza betri, akautoa waya mkuu. Kila kitu kikafa. Hata taa ya nyuma.

Nilimwona Svanhildur amekaa kwenye theluji, kofia imemtoka. Alinitazama tu. Nilitamani anifokee.

Bergsveinn akavuta nyaya zangu za kijivu, moja baada ya nyingine, zikatoka kama matumbo ya kondoo msimu wa kuchinja. Mara moja tu aliuliza, kwa upole, "Na rilei, jirani, ziko wapi?" Svanhildur akajibu kwa niaba yangu: kwenye droo ya vijiko. Jórunn akanisafisha kiganja, akakifunga, akanionya nisikilambe.

Kisha Jórunn akaamuru kila mtu azime taa na injini. Alitaka macho yetu yazoee ili tujue tuko wapi. Tukasimama. Mwanzoni hakuna kitu. Upepo ukashuka wenyewe. Kidogo kidogo theluji ikaanza kutoa mwanga wake, upande wa mashariki buluu ikapanda, milima ikajitokeza mmoja mmoja bila haraka. Nyota zilikuwa bado nyingi. Svanhildur akasimama, akaja karibu yangu. Akasema, "Kumbe ndicho mnachokujia huku." Sikujua kinachosemwa ni kipi, nikaitikia.

Ndipo Arnkell alipoonyesha kwa kidole. Kibanda. Bomba lake la moshi, paa lake, mlango wake. Kilikuwa katikati kabisa ya duara letu. Tulikuwa tumekizunguka.

Betri iliporudishiwa waya wake, gari liliwaka vizuri bila nyaya zangu, na taa zake za kiwandani. Svanhildur akashika usukani kwa sababu ya mkono wangu. Hakuwahi kuendesha kwenye theluji ya namna ile. Alikwenda moja kwa moja mpaka mlangoni.

Kulikuwa na kichwa cha kondoo, samaki mkavu kwa siagi, na papa aliyeozeshwa wa kila mwaka. Kahawa niliikuta mpya, kwa kuwa tulifika wote pamoja. Arnkell akasimama na kikombe chake kidogo cha pombe kali, akatoa heshima kwa kiongozi wa msafara aliyetuonyesha kibanda chetu kutoka pande zote. Walicheka mpaka madirisha yakaingia ukungu. Svanhildur alicheka kuliko wote, machozi yanamtoka. Nadhani ni ule moshi.

Wakati wa kuosha vyombo, yeye akiosha na mimi nikifuta kwa mkono mmoja, akaniambia kwamba alipouona ule moshi alidhani nitabaki mle ndani, kwa ukaidi. Alisema hivyo akitazama sahani. Kisha akasema angependa turudi, sisi wawili tu, tusimame pale pale, tuzime kila kitu, tukae gizani tulitazame. "Hilo tu, Ingimar. Sitaki kingine."

Nikamwahidi. Nilimaanisha.

Jumatano, 29 Januari

Mkono unapona. Jórunn amepita kuuangalia, akanishika na taya pia, nadhani kwa mazoea.

Ametangaza mpangilio mpya wa msafara. Bergsveinn wa kwanza. Gari letu la nne, dereva Svanhildur. Mimi nimetajwa kama abiria. Ni cheo kipya kwenye klabu, hakijawahi kutajwa kabla, kwa hiyo sijui bado ukubwa wake.

Bergsveinn amekuja na sanduku la vifaa, akajitolea kunifungia taa upya, kwa utaratibu, bila haraka. Nimemshukuru nikamwambia hakuna haja, sasa nimekwishaelewa. Nimelichunguza jambo lote bila upendeleo. Chanzo kilikuwa theluji. Siku isiyo na theluji hakuna ambacho kingetokea.

Jumamosi tunapanda, Svanhildur na mimi, peke yetu. Ameshaandaa chupa ya chai na blanketi la sufu, na leo nimemsikia akiimba bafuni, jambo ambalo huwa halitokei kabla ya Machi. Anataka tukae tuliangalie giza. Nimelifikiria ombi hili kwa uzito unaostahili, maana ni mke wangu na ameniomba kitu kimoja tu.

Nimeagiza taa ndefu ya paa, upana wa gari zima. Inafika Ijumaa, naifunga usiku huo huo, namfanyia mshangao. Kwa taa ndogo hizi za kiwandani, giza halionekani sawasawa.